Nyanya wa Mbooni

Jumatatu, 3 Julai 1995, Kaloleni

Daftari hili ni la ofisi. Ndung'u, mwenye kampuni yetu ya kupandisha wageni mlimani, alinipa niandike ripoti za safari: wageni wangapi walifika kileleni, nani alitegua mguu, nani alilalamikia uji. Ripoti nitaandika kwenye karatasi nyingine. Humu nitaweka yale ambayo Ndung'u hana haja ya kuyasoma.

La kwanza ni kwamba Nthoki amekataa. Huyu Nthoki ni mama wa Mbooni, na msimu uliopita ndiye aliyetupokea kwake kila tuliposhuka mlimani. Wageni walikaa kwenye vigoda, wakala isyo, yaani mahindi na maharagwe, kisha akawapigia kilumi, ile ngoma ndefu ya akina mama ambayo zamani ilikuwa ya kuita mvua na kutuliza pepo. Waliipenda kuliko mlima wenyewe. Sasa wazee wa kanisa lake wamemwita wakamwambia achague, ngoma au Meza ya Bwana. Amechagua Meza. Alinieleza hayo huku akichambua maharagwe, hana kinyongo, akanipa na chai.

Nilimwelewa vizuri sana. Naandika hivyo kusudi baadaye nisije nikasema sikujua.

Jumatano, 5 Julai

Nimemweleza Ndung'u. Ofisi yake iko juu ya duka la magodoro, na kila anapokasirika husimama dirishani akawatazama watu wanaonunua magodoro kana kwamba wamemkosea wao. Wageni wa kwanza, Waholanzi kumi, wanakuja tarehe kumi na nne.

"Musau, hawa wasee hawajatoka Ulaya kuona mawe," akasema. "Mawe wanayo kwao. Nitafutie nyanya."

Nikamwambia nyanya wa Mbooni wote ni wa kanisa moja. Akasema basi hata mimi hana haja na mimi. Waongozaji wa kupanda mlima wamejaa mjini.

Jumamosi, 8 Julai

Nimefanya jambo leo na bado sijui niliite nini.

Nyumba hii ya kaunsili ilikuwa ya babu, mtu wa reli. Tumebaki wawili tu, mimi na Susu Wayua, mama yake baba. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu na Susu ndiye aliyenilea, akanisomesha kwa kuuza mboga soko la Jericho. Kwao ni Mwingi, mbali kabisa na Mbooni. Alibatizwa mwaka wa hamsini na nne hapa hapa Kaloleni, na tangu hapo hajakosa Jumapili. Kile kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa hakivui kichwani hata akifua. Lakini ninajua, kwa kuwa marehemu babu alikuwa akimchokoza, kwamba kabla ya ubatizo alikuwa mpigaji wa kilumi anayeitwa kutoka vijiji vitatu.

Nilimwambia tukiwa mezani. Kwanza nikasema ni wimbo tu wa kuonyesha wageni, si ibada. Nikasema Mbooni hakuna anayemjua. Kisha nikaongeza kwamba nikikosa kazi hii sitaoa Desemba, na baba yake Triza, mchumba wangu, ameshaanza kuuliza maswali. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo nililolitumia kama kijiti cha kumsukumia ng'ombe.

Akaniuliza ngoma yenyewe ni ya ngozi gani. Nikasema sijui. Akaniambia mjinga, ya mbuzi hailii kwenye baridi. Kisha akasema, "Usinililie, bwana wangu. Nitaenda. Lakini Jumamosi jioni niwe hapa, nijitayarishe kwa kanisa."

Ndivyo anavyoniita, bwana wangu, kama nyanya wote wa Ukambani wanavyowatania wajukuu wao. Na Triza humwita mke mwenza. Leo utani ule uliniuma.

Jumamosi, 15 Julai

Tumerudi salama. Jana tulifika Mbooni mchana, ukungu umefunika matuta ya mashamba hadi chini. Nikamwacha Susu kwenye nyumba ya udongo tuliyokodi karibu na kwa Nthoki, nikawapandisha Waholanzi kileleni na kuwashusha saa kumi na moja. Susu akatoka akiwa amevaa shuka na shanga zilizonunuliwa na Ndung'u sokoni. Kitambaa chake alikuwa amekikunja akakitia ndani ya Biblia. Sikuwa nimewahi kuziona nywele zake mchana. Ni nyeupe na ni chache.

Nikawaambia wageni huyu ni nyanya wa Mbooni, amezaliwa kwenye nyumba hii hii, hajawahi kushuka mlima huu. Nilisema kwa Kiingereza na yeye hakijui. Wakamwamkia kwa heshima.

Akaweka ngoma katikati ya miguu, akaipiga mara tatu polepole kama mtu anayebisha hodi. Halafu sijui niseme nini. Nina miaka ishirini na sita, nimelelewa na mwanamke yule, na sikumjua yule aliyekuwa akipiga. Mama mmoja wa Kiholanzi alilia. Mimi nilitazama ua wa kwa Nthoki, nikamwona Nthoki amesimama kule, mkono shavuni. Akageuka akaingia ndani.

Kwenye gari Susu alilala njia nzima, kitambaa kichwani.

Jumapili, 16 Julai

Susu amekaa benchi la mbele na wenzake, ameimba. Mimi ni katibu wa kanisa, nilisoma matangazo, na sauti haikutetemeka. Kumbe mtu huweza.

Jumamosi, 29 Julai

Mbooni. Wageni sita. Baridi.

Jumamosi, 5 Agosti

Mbooni. Wageni kumi na mmoja. Mmoja alitegua mguu. Susu alimkanda kwa mafuta ya taa na chumvi, na mgeni akaandika kwenye kitabu chake kwamba ni dawa ya kienyeji. Hiyo ni dawa ya Kaloleni, kila mtu anaijua.

Jumanne, 8 Agosti

Susu anakohoa. Ni ule ukungu. Nimemnunulia dawa ya kifua na sweta, nikajiona mjukuu mwema kwa muda wa kama nusu saa.

Ijumaa, 18 Agosti

Naandika hemani. Safari hii kuna mzee mmoja Mholanzi, Bwana Willem, mwalimu mstaafu. Anapiga picha kila kitu, hata kuku. Mnyenyekevu, anajua maneno ya Kiswahili kama hamsini na anayatumia yote. Susu alipopiga, alimpiga picha tatu, taratibu, akisema asante kila mara. Nilipomuuliza atakaa Kenya hadi lini, alisema hadi mwisho wa Septemba, kwa kuwa kanisa lao linasaidia kanisa moja mjini kuezeka paa.

Sikuuliza ni kanisa gani. Naona sasa kwamba sikuuliza kwa kuwa paa linaloezekwa upya nalijua. Kila Jumapili nasoma tangazo lake.

Jumapili, 3 Septemba

Bwana Willem ametambulishwa kanisani. Akaniona, akafurahi, akanikumbatia mbele ya watu wote. Susu alikuwa hatua tatu kutoka kwake, kitambaa kichwani, gauni la kanisa, viatu vyeusi. Bwana Willem akamsalimia kwa mkono. Hakumtambua hata kidogo.

Susu alicheka hadi nyumbani. Mimi nilijaribu kucheka.

Jumatano, 20 Septemba

Mzee Nzomo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, amenipa tangazo nilisome. Bwana Willem atawaaga waumini kwa sinema ya slaidi ukumbini Kaloleni Jumamosi: "Milima ya Kenya na Watu Wake." Mchango wowote ni wa paa.

Sijala.

Ijumaa, 22 Septemba

Nimejitolea kumsaidia Bwana Willem kupanga mitambo. Alifurahi. Alipokwenda kununua balbu nilifungua lile sanduku la slaidi, nikawa naziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Ng'ombe, korongo, mimi nimesimama juu ya jabali nikijifanya shujaa. Nikampata Susu mara mbili, nikatia picha zote mbili mfukoni. Nilimkumbuka akipigwa picha tatu, nikapitia sanduku lote tena. Sikuiona ya tatu. Nikasema labda iliharibika aliposafisha.

Hivi ndivyo nimekuwa, mwizi wa kanisa.

Jumapili, 24 Septemba

Sikuweza kuandika jana.

Ukumbi ulijaa. Watu wa Kaloleni, Makongeni, hata Jericho walikuja. Walikaa hadi madirishani. Projekta ikawashwa na kila picha ikapigiwa makofi. Bwana Willem akawa anaeleza na Mzee Nzomo anatafsiri. Huu ni mlima wa Mbooni. Hii ni chai ya Mbooni. Na huyu, akasema, ndiye nyanya wa Mbooni, ambaye hajawahi kushuka mlima wake.

Ile ya tatu haikuwa kwenye sanduku. Alikuwa ameshaipachika kwenye mashine tangu Alhamisi kwa sababu ndiyo aliyoipenda zaidi.

Susu alikuwa ukutani, mkubwa kuliko mlango. Kichwa wazi, shanga, ngoma katikati ya miguu, macho yamefumbwa. Mzee Nzomo alianza kutafsiri, akafika kwenye neno "hajawahi", akanyamaza. Hakuna aliyenong'ona. Nilitamani mtu anong'one. Susu mwenyewe alikuwa safu ya pili, na mwanga wa picha yake ulikuwa unampiga usoni. Bwana Willem, maskini, alidhani watu wameguswa. Akaiacha picha pale, akangoja.

Nilikuwa nimesimama kando ya projekta. Mkono wangu ulikuwa karibu na swichi na haukusogea.

Jumapili, 1 Oktoba

Baada ya ibada kamati ya wazee ilikaa. Wazee saba, Susu kwenye kiti peke yake, na mimi mwisho wa meza na kitabu cha kumbukumbu, maana katibu ndiye anayeandika. Hakuna aliyefikiri kuniondoa, na mimi sikuomba kuondoka.

Mzee Nzomo si mtu mkali. Alikuwa na huzuni, na huzuni ni mbaya zaidi. Alimuuliza Susu kama ni yeye. Akasema ni yeye. Alimuuliza kama anajua kilumi ni ngoma ya nini. Akasema anajua kuliko wote waliomo humu. Alimuuliza nani alimpeleka.

"Nilienda kwa miguu yangu," akasema Susu. "Nikapiga kwa mikono yangu."

Kisha Mzee Nzomo akanigeukia mimi. Akasema kampuni yangu ndiyo inayopeleka wageni Mbooni, je, nilijua? Nikasema mimi huongoza wageni mlimani tu, mambo ya jioni hupangwa na ofisi. Sentensi ilitoka nzima, kama niliyokuwa nimeifanyia mazoezi. Susu akasema mjukuu wake aachwe, hana neno hapa. Wazee wakaridhika.

Nikaandika. Nitainakili hapa ili nisiisahau: "Dada Wayua Mutua amekiri. Hakumtaja mtu. Anawekwa chini ya nidhamu kuanzia leo. Hatashiriki Meza ya Bwana, hatavaa kitambaa, atakaa benchi la nyuma, hadi atakaposimama mbele ya kanisa na kusema ametubu." Mwandiko wangu ni mzuri. Susu ndiye aliyenifundisha kuandika, kwa kijiti, kwenye majivu.

Jumatatu, 2 Oktoba

Nilimwambia Susu asimame tu Jumapili aseme ametubu, yaishe. Ni neno moja. Akasema neno moja ni zito kama si kweli. Nikadhani ananikinga mimi, kwamba akitubu wataanza tena kuuliza ni nani na vipi.

Jumatano, 4 Oktoba

Triza alikuja na ndizi na mchele. Yeye hushona sare za shule pale Jericho, na mafundi wenzake wote wanazungumza habari ya picha. Alimkumbatia Susu, akamwita mke mwenza kama kawaida. Nilipomsindikiza aliniuliza, polepole sana, kama ni kweli sikujua. Nikasema kweli.

Jumapili, 8 Oktoba

Susu kwenye benchi la nyuma. Amejifunga leso ya kawaida, ya maua. Watu wa benchi la nyuma ni wawili sasa, yeye na mlevi mmoja aliyetengwa tangu Pasaka.

Alhamisi, 12 Oktoba

Leo ameniuliza, "Kesho tunaenda Mbooni?"

Nilifikiri ananikejeli. Nikasema hapana, hatuendi tena kabisa. Akaniuliza wageni wataonyeshwa nini. Nikasema mawe. Akaenda jikoni akawa anagonga vyombo.

Ndung'u nimemwambia nyanya ni mgonjwa. Amewaka.

Jumapili, 15 Oktoba

Nyuma.

Jumanne, 17 Oktoba

Ndung'u alituma mtu hapa nyumbani na pole na machungwa. Susu akamuuliza nani amesema yeye ni mgonjwa. Mtu akasema Musau. Susu alinitazama jioni nzima, wala sikujua nimekosa nini, kwa kuwa makosa niliyokuwa nayahesabu ni mengine.

Jumatano, 25 Oktoba

Mvua imeanza, ile ya vuli. Kifua cha Susu kimebana. Daktari wa zahanati anasema ni mapafu na ni umri, asilowe.

Mwaka juzi alifariki mama mmoja wa hapa Kaloleni akiwa chini ya nidhamu. Mchungaji hakwenda. Akina mama hawakuimba. Watoto wake walimfukia kwa udongo na ukimya, na mimi kama katibu ndiye niliyewapelekea barua ya kuwaeleza kwa nini. Nilikuwa kijana wa kanuni siku hizo. Nikisikia Susu anakohoa chumba cha pili, barua ile inanirudia neno kwa neno, jina lake likiwa mahali pa jina lile.

Jumapili, 5 Novemba

Ndoa yangu na Triza imetangazwa mara ya kwanza. Tutatangazwa mara tatu, kisha tarehe tisa Desemba. Mzee Nzomo akauliza kama kuna mtu mwenye sababu ya kuizuia aseme. Watu wakageuka wakitabasamu. Baba yake Triza alikuwa amevaa koti jipya.

Nilijua kwamba nikisimama kuungama, nami nitatengwa, na aliyetengwa hafungi ndoa kanisani. Niliwaza hivyo kwa utulivu mkubwa. Nikabaki nimekaa.

Jumamosi, 11 Novemba

Amekohoa tangu asubuhi. Nilimpikia uji akanywa vijiko vitatu. Nikatoka nikatembea hadi Makadara, nikapita mahakama, nikarudi, viatu vimejaa maji. Nimeamua.

Jumapili, 12 Novemba

Nimesema.

Tangazo la pili liliposomwa, na Mzee Nzomo akauliza lile swali lake, nilisimama mimi mwenyewe. Watu wakacheka kidogo wakidhani ni utani. Nikasema kwamba ni mimi niliyempeleka Wayua Mbooni. Ni mimi niliyepanga jioni zote, na niliwadanganya wazee, na nikaandika uongo wangu kwenye kitabu cha kanisa. Nikasema pia kuhusu slaidi mbili nilizoiba. Hapo nilikuwa bado nasema kweli.

Kisha nikamwona Susu kule nyuma, mdogo, amejifunga koti langu, nikataka wamrudishe leo, saa hii, kabla kifua hakijamshinda. Nikasema, "Yeye hana kosa. Ni mzee. Hakujua anachofanya. Nilimwambia ni wimbo tu, akaniamini."

Mzee Nzomo alitoa leso akafuta macho. Akina mama wakaenda nyuma wote, wakamwinua, mmoja akamvua leso ya maua na mwingine akamfunga kitambaa cheupe, huku wakiimba. Walimleta hadi benchi la mbele wakimshika mikono kama mgonjwa. Nilidhani anatetemeka kwa furaha.

Mimi nimetengwa kwa miezi sita. Ukatibu nimeuacha. Ndoa imeondolewa kwenye matangazo.

Triza alinisubiri nje kwenye manyunyu. Alisema angenisamehe ya Mbooni, hata ya wazee. Lakini siku ile aliuliza kwa mdomo wake na nikamjibu kweli. Akasema atafikiri. Baba yake alipita bila kunitazama, koti jipya chini ya mwavuli.

Hata hivyo nilirudi nyumbani nimepumua, mara ya kwanza tangu Julai. Nikamkuta Susu amekaa kitandani na viatu vyake vya kanisa bado miguuni. Nilitarajia baraka. Naandika alivyosema, alisema kwa Kikamba na hakupandisha sauti.

"Nilipoanza kupiga kilumi Mwingi baba yako alikuwa bado hajazaliwa. Niliiacha kwa sababu nilitaka ubatizo, hakuna aliyenishika mkono. Na mwaka huu nimeirudia kwa sababu nilitaka. Ulipokuja na maneno yako ya harusi nilikuwa nimeshakubali kabla hujamaliza. Miaka arobaini na moja, Musau. Nilifikiri mikono imesahau. Unajua ilikuwaje ilipokumbuka?"

Nikasema nilikuwa nataka kumwokoa.

"Walinitenga kwa kosa langu. Lilikuwa langu. Nilikuwa nakaa pale nyuma na kosa langu na Mungu, tunazungumza. Sasa wamenirudisha mbele kwa uongo wako, na wote wananitazama kama mtoto aliyepewa peremende."

Hakuniita bwana wangu. Aliniita Musau.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimekuwa nikidhani dhambi yangu ni kumpeleka. Kila ukurasa wa daftari hili umejaa dhambi hiyo, na sasa nikiusoma naona kwamba sikumuuliza hata mara moja. Sikumuuliza kama aliipenda. Nilipoona uso wake siku ya kwanza nilijua, nikageuza macho nikamtazama Nthoki. Nilimfanya kitu cha kuonyeshwa kule mlimani, halafu nikamfanya kitu cha kuhurumiwa hapa. Naona haya, na safari hii sina benchi la kuipelekea haya yangu.

Jumapili, 19 Novemba

Mimi sasa ndiye wa nyuma, pamoja na mlevi, ambaye amenikaribisha vizuri. Akina mama walikuwa wamemwachia Susu nafasi mbele. Aliingia akiwa na kitambaa, akaipita nafasi ile, akaja akakaa benchi letu. Aliacha pengo la mtu mmoja kati yetu. Ilikuwa Jumapili ya Meza. Sinia ilipofika kwake aliipitisha bila kuchukua. Mzee Nzomo aliona.

Njiani nikamwambia nitasimama tena nirekebishe. Akaniuliza nitasema nini. Nikaanza kusema kwamba alikuwa mzee, lakini... Akanikatiza.

Jumatano, 22 Novemba

Kikohozi kimerudi. Nilimwambia, kwa woga, kwamba nikisema ukweli watamtenga tena, na kwa kifua hiki, na mvua hii, akiondoka hawatamwimbia. Akasema waimbaji wa kanisa letu huimba puani.

Halafu akaacha mzaha. Akasema anaogopa, kama mimi ninavyoogopa. Akasema anampenda Bwana wake na anazipenda zile nyimbo, na ikiwa atazikosa itamuuma hata akiwa chini ya udongo. Lakini anataka azikose yeye Wayua, asiimbiwe mwanamke mwingine ambaye hakujua anachofanya.

Jumamosi, 2 Desemba

Jikoni, amenifanyisha mazoezi. Nilisema, akasahihisha. Ondoa "mzee". Ondoa "nyanya yangu". Ondoa "naomba msimhukumu". Kila nilipoongeza neno la huruma aligonga meza kwa mwiko. Yaliyobaki ni machache. Akaniamuru nisimshike mkono wakati wowote, hata akiyumba.

Nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema nianze kwanza kusema sawa, mengine tutayaona.

Jumapili, 3 Desemba

Mvua ilikuwa inapiga kwenye paa jipya hivi kwamba ilinibidi kupaza sauti. Nikaomba nafasi. Mzee Nzomo alisita, maana aliyetengwa hana nafasi ya kusema, kisha akanipa. Triza alikuwa safu ya nne. Sikumtazama ila mara moja.

Nilijua ninachofanya. Namtoa kwenye Meza kwa mdomo wangu, mara ya pili. Akifia kule nyuma, mimi ndiye niliyemweka, na hakuna daftari litakalonifariji.

Nikasema, "Wiki tatu zilizopita niliwaambia Wayua Mutua hakujua anachofanya. Nilidanganya. Alijua. Alipiga kilumi kwa kuwa aliipenda, na bado anaipenda."

Nikakaa, kwa kuwa ndivyo tulivyokubaliana, hakuna neno zaidi.

Ndipo kutoka benchi letu, upande wa pili wa pengo, sauti moja ikaitikia.

"Amina," akasema Susu.

Akainua mikono akaanza kulifungua lile fundo la kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vizito, ikachukua muda mrefu, na watu wote walikuwa wanatazama, na sikumsaidia.